Kufuli si la kuzuia watu tu

Programu yangu ilikaa miaka miwili kwenye seva ya Intel bila hata kupiga chafya. Tukaihamishia kwenye seva ya ARM, na wiki hiyo hiyo ikaanza kutoa bei ya sifuri. Si kila mara: mara moja moja, mzigo ukizidi.

Msimbo wenyewe mfupi. Uzi mmoja (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) unaandika bei, kisha unainua bendera ya `tayari`. Uzi wa pili ukiona bendera imeinuka, unasoma bei. Nilijiona mjanja: kufuli (lock) la nini, na mwandishi ni mmoja?

Kumbe prosesa ya ARM hailazimiki kuvionyesha viini vingine (cores) maandishi yako kwa mpangilio ulioyaandika. Bendera inaweza kuonekana kabla ya bei, kama duka lililotundika bango la "karibuni" rafu zikiwa tupu. Msomaji naye anaweza kuwa ameichukua bei mapema, kabla hajaitazama bendera. Intel ni kali zaidi. Maandishi ya kiini kimoja huonekana kwa vingine kwa zamu yake. Kinacholegezwa ni kuandika hapa kisha kusoma pale, kwani usomaji huweza kutangulia wakati maandishi bado yamekaa kwenye bafa ya kiini, hifadhi yake ya muda. (Hilo peke yake latosha kuivunja algorithimu ya Peterson ya 1981 ya kuzuia nyuzi mbili kuingia pamoja, ile tuliyokariri chuoni.) Kwa hiyo Intel haikuwa imenisahihishia kosa, ilinisitiri tu. Na kompaila, inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, nayo ilikuwa na ruhusa ya kubadili mpangilio wa mistari yangu siku yoyote.

Wengi tunajua kufuli huzuia nyuzi mbili kuingia pamoja kwenye sehemu moja ya msimbo. Kazi yake ya pili ndiyo husahaulika: yote uliyoandika kabla ya kuliachia, lazima yaonekane kwa atakayelishika baada yako. Kufuli hilo hilo, si jingine. Mwandishi akilishika na msomaji akachungulia bila kulishika, hakuna ahadi yoyote. Hapo ndipo ujanja wa "angalia, funga, angalia tena" (kuangalia bila kufuli kama kitu kiko tayari, na kulishika tu kikiwa bado) ulipowaumbua watu wa Java, hadi Java 5 ilipotoka mwaka 2004 na kuipa `volatile`, alama ya kigeu kinachotumiwa na nyuzi kadhaa, maana thabiti.

Mimi sikuweka kufuli. Niliifanya bendera iwe `std::atomic` ya C++11, ikiandikwa kwa `memory_order_release` (yaliyoandikwa kabla yake yaonekane kwanza) na kusomwa kwa `memory_order_acquire` (usomaji unaofuata usiitangulie). Kwenye ARM kompaila ikatoa `stlr` na `ldar`, maagizo ya kuandika na kusoma yenye ahadi hiyo. Kwenye Intel, ambayo tayari inashika mpangilio huo, ilitoa `mov` tu, agizo la kawaida la kuhamisha data.