Kadi ya kanisa si kibali cha mazishi

Kuanzia Kondele hadi Ahero, huku Kisumu, Kenya, wengi huamini kwamba asiye na kadi ya kanisa, yaani ya ushirika, au aliyeacha kutoa zaka, hawezi kuzikwa. Hofu hiyo inaeleweka: matanga bila mchungaji huonekana aibu kwa boma zima.

Kisheria kinachotakiwa ni kibali cha mazishi. Kwa aliyefia nyumbani, ukamwombe naibu chifu kibali hicho. Kanisa linaweza kukataa kuongoza ibada, basi. Masharti yake husomwa katika katiba yake, kwa hiyo mwombe katibu akuonyeshe.

Ushirika wenyewe ni wa walio hai. Sura ya 12 ya 1 Wakorintho hufananisha waumini na viungo vya mwili mmoja: kimoja kikiumia, vyote huumia. Ndiyo maana mgonjwa hupelekewa uji, na karo ya yatima huchangwa (si kila mahali, najua).