Ajali imepita, moyo bado unakwenda mbio: maswali ninayoulizwa kliniki

Mfupa umeshaunga. Mbona bado nashtuka hivi?
Ukikutana na hatari, mwili humwaga adrenalini: moyo hudunda, misuli hukaza, jasho hutoka. Baada ya tukio zito, hali hiyo inaweza kuwa inarudi kwa jambo dogo tu. Juzi kijana wa bodaboda alikuwa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Nje lori likafunga breki. Akaukamata ukingo wa benchi kwa mikono miwili, kadi yake ikaanguka chini, imelowa jasho. Alikuja akisema ana presha. Tulimpima mara tatu, haikuwa presha.

Na picha za ajali zinazonijia nikiosha vyombo?
Hizo ni kumbukumbu za kiwewe, zinaingia bila hodi. Si wazimu, wala hujarogwa.

Nikinywa kidogo napata usingizi. Kuna ubaya?
Upo. Pombe inakulaza saa chache, kisha inakukatia usingizi usiku wa manane, na kesho utataka zaidi.

Basi nimeze valium, ile dawa ya kutuliza wasiwasi?
Hapana. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi hilo zisitumike kutibu dalili hizi kwa watu wazima katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mwili unazizoea, na ukizichanganya na pombe unaweza kuacha kupumua. Nawaomba sana, msigawiane vidonge nyumbani! Kama unavimeza kila siku, au unakunywa pombe kila siku, usiache ghafla. Njoo tupunguze taratibu.

Nyumbani wananiambia nivumilie, nitazoea.
Wiki za mwanzo wengi hutulia wenyewe. Ukipita mwezi mmoja bado unaota ajali, unakwepa barabara ile na kushtuka ovyo, njoo. Mwezi mmoja, ndugu yangu, si mwaka. Napokea watu waliovumilia hadi kazi na ndoa vikavunjika. Na ukiwaza kujiua, hata mwezi usisubiri: njoo leo, usije peke yako.

Nikija nitafanywa nini?
Utazungumza na mtaalamu kwa vikao, mkiisogelea kumbukumbu hiyo kidogo kidogo. Wengine huongezewa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Mapokezi niseme nini?
Sema, "Tangu ajali silali." Inatosha.