"Twist and Shout" si utunzi wa Beatles

Kipindi cha zilipendwa kikigusa miaka ya 60 na simu zikafunguliwa, hakosekani msikilizaji wa kusema: "Tupigie Twist and Shout, ule waliotunga Beatles." Wimbo mtamu, sina ubishi. Ila Beatles, kundi la Waingereza kutoka Liverpool, kuutunga hawakuutunga wao.

Waliouandika ni Wamarekani wawili, Bert Berns na Phil Medley. Kundi la Top Notes ndilo lililotangulia kuurekodi, mwaka 1961, na haukuvuma. Usikilize leo, umepoa kama chai ya jana. Mwaka uliofuata Isley Brothers wakautia moto, ukapendwa Marekani. Vijana wa Liverpool waliufuata huo wa Isley, hata zile "aaah" zinazopanda moja juu ya nyingine zimetoka huko.

Sasa Beatles waliongeza nini? Koo la John Lennon, mwimbaji wao. Tarehe 11 Februari 1963 walirekodi nyimbo 10 za albamu yao ya kwanza, Please Please Me, kwa siku moja mjini London. Lennon alikuwa na mafua, na kwa kuwa wimbo huu unakwangua koo, ukawekwa mwisho kabisa, usiku. Alikuwa akimumunya vidonge vya koo na kunywa maziwa. Wakaupiga mara ya kwanza, ukatoka. Walipojaribu mara ya pili sauti ikagoma. Kwa hiyo ule mkwaruzo unaousikia redioni si mbinu ya studio, ni koo lililochoka kweli.

Kwangu mimi toleo lao ndilo bora. Na kwenye albamu hiyo, nyimbo 6 kati ya 14 ni za watunzi wengine.