Mfuasi wa mfalme si lazima awe mfuasi wa ufalme

Mtu anayetaka nchi itawaliwe na mfalme tumwiteje? Wengi huandika "mfuasi wa mfalme" wakaendelea. Mara nyingi hapaharibiki kitu, lakini kuna mahali neno hilo linapotosha historia nzima.

Kifaransa kina maneno mawili, na Kiingereza vilevile. "Royaliste" mzizi wake ni "rex", yaani mfalme kwa Kilatini, linamwangalia mtu. "Monarchiste" limetoka kwenye Kigiriki: "monos", peke yake, na "arkhein", kutawala. Hili linaangalia mfumo, kiti akikalie nani. Sisi tofauti hiyo tunaibeba kwa kiambishi tu: M- ya mfalme ni mtu, U- ya ufalme ni cheo na mfumo.

Katika vita vya Uingereza vya 1642 hadi 1651, waliompigania Charles I walikuwa wafuasi wa mfalme. Ukiwaita "wafuasi wa ufalme", unawageuza wapinzani wao kuwa watu wa jamhuri, ilhali mwaka 1642 wengi upande wa Bunge walitaka kumbana Charles tu, ufalme ubaki.

Ufaransa ndiko tofauti hii inakoonekana waziwazi. Bunge lililochaguliwa 1871 lilijaa wafuasi wa ufalme, ila wengine walikuwa upande wa ukoo wa Bourbon, wengine upande wa tawi lake la Orléans. Mwaka 1873 walikaribia kumtawaza comte de Chambord, mrithi wa Bourbon, naye akaikataa bendera ya Ufaransa ya rangi tatu. Alitaka nyeupe ya mababu zake. Tarehe 30 Januari 1875, kifungu cha kumchagua Rais wa Jamhuri kikapita kwa kura 353 dhidi ya 352. Watetezi wa ufalme walikuwepo tele. Mfalme wa kuwakusanya pamoja ndiye aliyekosekana.

Tahadhari kwa watafsiri: "mwanaufalme", kwa mfano wa mwanamapinduzi, silipendekezi kabisa, maana sikio husikia mwanamfalme. "Mtu wa kifalme" naye huonekana ametoka ikulu. "Umwinyi" ni mambo ya ubwana na maisha ya starehe, si msimamo huu. Itikadi yenyewe iite "utetezi wa ufalme".

Na anayetetewa akiwa sultani? Kwa Kiarabu neno hilo lilianza kwa maana ya mamlaka yenyewe, ndipo likamshika mwenye mamlaka. Sisi tulilipokea likiwa tayari ni mtu, ikabidi tuongeze U- ili mamlaka yarudi: usultani.