"Dawa ya kuongeza kinga tu"

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kwa binti aliyemleta baba yake kutoka Newala: "Dokta, baba hayuko kwenye kemo. Anatundikiwa dawa ya kuongeza kinga tu." Hiyo "tu" ndiyo inayonikera.

Mzee alipata dozi ya pili Dar es Salaam, akarudi Mtwara kwa basi. Kope la kushoto limeshuka. Kuinuka kitini lazima ajisukume kwa mikono. Kifua hakimuumi, nyumbani wakasema ni uchovu wa safari.

Pembrolizumabu, nivolumabu na ipilimumabu, dawa za saratani za aina hiyo, haziongezi kinga. Si mlonge, si vitamini. Seli T, askari wa kinga ya mwili, zina breki zake, ziitwazo PD-1 na CTLA-4, na dawa hizi huzifungua breki hizo ili seli ziivamie saratani. Ni ugunduzi uliowapa wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Lakini lori la korosho likikosa breki kwenye mteremko wa Newala, halichagui la kugonga. Likigonga moyo, misuli yake huvimba, mapigo yakavurugika. Uvimbe huu wa moyo huwapata wagonjwa wachache, kama 1 kati ya 100 au pungufu, wengi ndani ya miezi 3 ya mwanzo, zaidi wanaopewa dawa mbili pamoja. Ila wanaopata, wengi mno hufa.

Halafu naletewa eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti: "Moyo unasukuma vizuri, Dokta." Karibu nusu ya wagonjwa hawa eko yao husoma vizuri hivyohivyo! Nataka ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na troponini, protini inayopanda kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, leo. Kope na mapaja vikilegea pamoja, naushuku moyo hata kama haujalalamika. Troponini T hupandishwa pia na misuli ya mwili iliyovimba, hivyo naiamini zaidi troponini I.

Tiba haisubiri: dozi inayofuata inasitishwa, mgonjwa analazwa kwenye monita, methylprednisolone, steroidi ya kutuliza kinga, gramu 1 kwa mshipa kila siku, siku 3 hadi 5.

Kinachoninyima usingizi ni yule asiye na dalili yoyote, troponini imepanda kidogo tu. Nimkatishe dawa inayomwokoa na saratani? Nimewahi kuamua hivi na vile, na sina uhakika kwamba niliamua sawa.

Binti alikuwa na karatasi ya hospitali, ameikunja ndani ya kadi ya bima: jina la dawa, tarehe za dozi. Bila karatasi ile, mzee angeondoka kwangu na dawa za malaria.