Kuiandaa akili kabla ya hatari: maswali na majibu kwa askari polisi wa Kigoma na familia zao

Kigoma ni mkoa wa njia ndefu na pori. Kuna barabara ya Kakonko, Kibondo hadi Kasulu, ambayo askari wenye silaha wamewahi kusindikiza mabasi ya abiria. Kuna mpaka na Burundi, boti za usiku Ziwa Tanganyika, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na migogoro ya ardhi vijijini. Askari wa huku hufundishwa silaha na sheria, lakini mara chache huelezwa kichwa chake kitafanya nini siku mtu atakapotaka kumuua. Maswali haya yanahusu hilo.

Nikiitwa kwenye tukio la ujambazi moyo unaenda mbio, mdomo unakauka na mkojo unanibana kabla hata ya kufika. Je, mimi ni mwoga?

Hapana. Ubongo umeiona hatari na umezipa taarifa tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo. Ndani ya sekunde chache adrenalini inamwagika kwenye damu. Mapigo ya moyo yaliyokuwa 70 kwa dakika yanaweza kupita 150. Damu inapungua tumboni na kwenye ngozi, inakwenda kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mabega. Mate yanakauka kwa sababu mwili hauna habari na chakula kwa wakati huo.

Nguvu hiyo ina gharama yake, na gharama inaanzia kwenye vidole. Kubadilisha magazini (kibebeo cha risasi cha bunduki), kufungua pingu, kubonyeza kitufe cha redio ya upepo: hizi ndizo kazi zinazoharibika mapema. Kazi za mkono mzima na mguu hubaki. Kwa hiyo zile za vidole zirudiwe mpaka mkono uzifanye bila kuulizwa.

Kauli ya "askari haogopi" imeumiza watu wengi. Anayeiamini, siku mwili unapotetemeka hudhani ameharibika, akaanza kupambana na mtetemeko badala ya kumtazama aliye mbele yake. Ni bora ajue mapema: nitatetemeka, na bado nitafanya kazi.

Mwenzangu anasema hakuusikia mlio wa bunduki yake mwenyewe. Anadanganya?

Huenda anasema kweli tupu. Katika hatari kali ubongo huchagua kitu kimoja na kuyafungia mlango mengine. Masikio "yanazibwa", macho yanaona kama kupitia bomba, muda unaonekana kwenda taratibu sana au haraka kupita kiasi. Baadaye kumbukumbu inakuwa na mapengo, au mpangilio wa matukio unavurugika.

Kwa vitendo: geuza kichwa kizima kulia na kushoto, usitegemee kuzungusha macho tu. Tazama mikono ya mtu kabla ya uso wake. Na ukitaka mwenzako akusikie, mguse bega, kwa kuwa sauti yako inaweza isimfikie hata ukiwa hatua moja nyuma yake.

Kupumua kunasaidia kweli, au ni maneno ya semina?

Kunasaidia, ukijua kwa nini na wakati gani. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, lakini pumzi unaweza kuiamuru, na pumzi inayotoka taratibu huuvuta moyo nyuma kupitia neva ya vagasi, ile inayounganisha ubongo na moyo.

Fanya hivi ndani ya gari, mkiwa mmebakiza dakika mbili kufika. Keti mgongo ukiwa umeegemea, mabega yashuke. Vuta pumzi puani kwa kuhesabu 4, tumbo ndilo lijae, kifua kitulie. Shikilia kwa 4. Toa kwa 4. Kaa bila kuvuta kwa 4. Rudia mara nne. Ni kama dakika moja tu. Mkanda ukibana tumbo, ulegeze tundu moja wakati wa mazoezi ili uijue hali yenyewe. Ambaye kushikilia pumzi kunamkera, avute kwa 4 na kutoa kwa 6, inatosha.

Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kubwa kubwa za haraka. Hizo zinatoa mwilini hewa ya kaboni dioksidi nyingi mno, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na vidole vinafanya ganzi, na mtu anadhani anazimia. Kosa la pili ni kuisubiri siku ya tukio. Mbinu hii ifanyike kila siku, asubuhi na kabla ya kulala, ndipo mwili utaikumbuka. Risasi zikishaanza kulia usihesabu pumzi. Wakati huo ni wa kujikinga na kutenda.

Nimesikia kuna mazoezi ya kuliona tukio akilini. Yanafanywaje?

Haya yana faida kubwa, na hayana gharama. Ubongo unapochora kitendo kwa makini hutumia sehemu nyingi zile zile unazotumia kukitenda. Hivyo siku ya tukio hukutani na jambo geni kabisa.

Tenga dakika tano, mara tatu kwa wiki, mahali tulivu. Chagua tukio moja la kazi yako halisi. Tuseme ni usiku, mnakwenda kumkamata mtuhumiwa kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma nje kidogo ya mji wa Kasulu. Lione kwa macho yako mwenyewe, si kama mtu anayejitazama kwenye sinema. Sikia mbwa wa jirani. Nusa moshi wa kuni. Gusa ubaridi wa mtutu. Tochi imeshikwa mbali na kifua. Hukusimama mbele ya mlango. Umesimama pembeni, upande wa bawaba. Mlango unafunguka, mkono wa kulia wa mtu umejificha nyuma ya mwili wake. Sasa jibu: unasema nini, unarudi hatua ngapi, unajikinga nyuma ya nini, mwenzako yuko wapi?

Kisha ingiza kasoro. Tochi imezima. Mtoto ametoka mbio kati yenu. Umejikwaa. Jione ukiinuka na kuendelea. Malizia kila zoezi ukiwa hai na kazi imekwisha: pingu zimefungwa, taarifa imetolewa redioni.

Mambo matatu huliharibu zoezi hili. La kwanza ni kuchora tukio la kupiga risasi tu. Akili iliyozoezwa jibu moja italitoa hata pale mtu anapochomoa simu. Kati ya matukio kumi unayochora, mengi yaishe kwa kuzungumza, kusubiri au kurudi nyuma. La pili ni kuliacha katikati, mahali unapoanguka. Hilo linamfundisha mtu kushindwa. La tatu ni kulifanya wakati tayari una jinamizi la tukio la zamani. Hapo utakuwa unalichokonoa jeraha. Acha, nenda kwanza kwa mtaalamu.

Mbali na picha, jiwekee kauli za "ikiwa". Ikiwa naona panga, narudi nyuma na kuweka gari kati yetu. Ikiwa napigwa, nasogea kwanza, naangalia damu baadaye. Uamuzi uliokwisha kufanywa hauhitaji kufikiriwa upya kwenye taharuki.

Naogopa kuganda. Nitajinasuaje?

Kuganda kwa sekunde chache kunaweza kumpata binadamu yeyote. Kinachovunja kuganda huko ni mwendo na sauti: piga hatua moja ya pembeni na utoe amri kwa nguvu. Kupaza sauti kunalazimisha pumzi itoke, na hatua inaurudisha mwili kazini.

Ijue pia hesabu ya umbali. Mtu mwenye panga anayekimbia hufunika mita 7 kwa takriban sekunde moja na nusu, muda unaokaribia ule wa askari kuinua silaha na kupiga. Wapo wanaoisoma hesabu hii kama ruhusa ya kufyatua. Sivyo. Inakufundisha kuongeza umbali mapema na kuweka kizuizi, iwe mwembe, pikipiki au ukuta, ili upate muda wa kuongea. Na kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua. Kwa mshtuko, au ukijikwaa, kiganja hujikunja chenyewe na kidole kikajikunja nacho.

Kwa nini mtu anapewa amri na hatii?

Kwa sababu naye yuko kwenye taharuki ile ile. Masikio yake pia yamezibwa. Askari watatu wakimfokea mambo matatu tofauti, "lala chini", "nyoosha mikono", "usisogee", hakuna analoweza kutii. Aongee mmoja, maneno mawili au matatu, ayarudie: "Polisi! Weka panga chini!" Kisha apewe nafasi ya kutii.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Mzee wa kijijini Buhigwe anaweza kuwa anakielewa Kiha kuliko Kiswahili, na mkimbizi anaweza kuwa msemaji wa Kirundi. Wapo viziwi, wapo wagonjwa wa akili. Ishara ya mkono iende pamoja na neno.

Nimetoka lindo la usiku, naambiwa niunganishe na msafara wa mchana. Kuna ubaya gani?

Mkubwa. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24 anakuwa kama wa asilimia 0.10, kiwango kinachozidi kikomo cha udereva katika nchi nyingi. Mtu huyo mmempa bunduki. Aliyechoka huwahi kuona vitisho mahali pasipo na kitisho, na huchelewa kukiona kile kilichopo.

Usingizi wa dakika 20 kabla ya zamu unasaidia. Kahawa isinywewe ndani ya saa sita kabla ya kulala. Na wanzuki au gongo ya "kutafuta usingizi" inakulaza haraka kisha inakuamsha saa nane usiku, usingizi ukiwa umekatika vipande.

Nina dua na nina kinga niliyopewa na wazee. Niviache?

Sala na dua humtuliza mtu, endelea nazo. Lakini kinga yoyote inayokufanya usijifiche nyuma ya ukuta, au uvue fulana ya kuzuia risasi, inakuweka kwenye kifo.

Mimi ni mkuu wa kituo kidogo, sina fungu la mafunzo. Naanzia wapi?

Anza na dakika kumi za paredi, siku mbili kwa wiki. Toa tukio moja, muulize mmoja wao: "Unafanya nini?" Wenzake wakosoe bila kucheka. Fanyeni mazoezi ya silaha tupu, iliyokaguliwa na watu wawili, risasi zikiwa chumba kingine, baada ya kukimbia mita 200 ili mapigo yawe juu. Panga zamu kwa kuangalia usingizi. Baada ya kila tukio zito, wewe mwenyewe umfuate askari wako kabla hujamtaka maandishi.

Tukio limetokea, mtu amekufa. Saa za kwanza zifanyike nini?

Mtoeni askari kwenye umati. Apewe maji, akae na mwenzake anayemwamini, apige simu nyumbani mwenyewe kabla picha hazijasambaa. Silaha yake ikichukuliwa kwa uchunguzi aelezwe kuwa ndio utaratibu, kwa sababu kunyang'anywa kimya kimya humwingia kama hukumu. Mikono kutetemeka, kutapika, kulia, kucheka ovyo, vyote vinapita.

Kwenye maelezo asijaze mapengo kwa kubahatisha. "Sikumbuki" ni jibu halali.

Msimlazimishe kusimulia tukio lote mbele ya kikundi. Vikao vya lazima vya namna hiyo havijaonyesha kuzuia kiwewe, na vingine hudhuru. Wala asinunuliwe diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwenye duka la dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi hilo zisitumike kutuliza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza.

Ushauri nasaha ni haki yake. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka katika kanuni ya 21 kwamba askari waliohusika na matukio hayo wapatiwe huduma hiyo.

Mume wangu ni askari. Tangu lile tukio haongei, anashtuka bati likilia, anakagua mlango mara tano usiku. Nisubiri au nimpeleke hospitali?

Dada, hesabu siku. Katika wiki za kwanza hali hii ni ya kawaida na kwa wengi hupungua yenyewe. Mpikie kwa wakati ule ule, tembeeni jioni, watoto wasimjie ghafla kwa nyuma. Usimhoji, mwambie tu kwamba akitaka kuongea upo. Ukimwamsha kwenye jinamizi, mwite jina ukiwa mbali na mikono yake.

Ikipita mwezi mmoja na jinamizi, mishtuko na kukwepa watu vipo, au pombe inaongezeka, aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Mkiwa Tabora, Kitete. Aulizie huduma ya afya ya akili. Matibabu makuu ni mazungumzo yenye mpangilio na mtaalamu, kwa kawaida vikao 8 hadi 15, na wengi hurudi kazini.

Usisubiri mwezi kama anasema amechoka kuishi, anagawa vitu vyake, au anaaga aga. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, au akinyamaza, asibaki peke yake. Mpigie mkuu wake wa kituo siku hiyo hiyo, mwambie maneno haya: silaha ibaki ghalani, asipangiwe lindo, na tunampeleka hospitali leo.