Si kila neno la "-ly" ni kielezi

Kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea, wanafunzi wengi hukariri kanuni moja ya Kiingereza: neno likiishia na "-ly" ni kielezi. Kanuni hii inawapotosha, na inaumiza kuona mtoto mwenye bidii akikosa alama kwa sababu yake.

Ina ukweli kiasi. "Slow" ni kivumishi. Ukikiongezea "-ly" unapata kielezi "slowly". Lakini kiambishi hicho kikiungwa na nomino, kwa kawaida huzaa kivumishi: "friend" hutoa "friendly", "coward" hutoa "cowardly". Na "family" ni nomino tu. Herufi zake mbili za mwisho si kiambishi kabisa.

Kinachoamua ni kazi ya neno ndani ya sentensi. Chukua "The friendly fisherman left Mikindani early". "Friendly" linamfafanua mvuvi, hivyo ni kivumishi. "Early" linaeleza aliondoka lini, hivyo ni kielezi. Sasa andika "the early bus to Masasi": "early" lilelile limekuwa kivumishi, maana linafafanua gari. Na katika "she runs fast", "fast" ni kielezi bila "-ly" yoyote.